Video ya Kwanza Haikatwi

Jumanne saa nne asubuhi, Brendah alitandika gazeti mezani, akaweka beseni la buluu juu yake, akaegemeza simu kwenye ukingo wa beseni na kuanza kazi. Kwenye simu alikuwa akimtazama Gorreti Nafuna wa Mbale, na video ya kwanza ya Gorreti haikutazamika bila beseni. Kwenye simu ya kawaida ilitoa kikombe kimoja cha maji, kikombe na nusu kama simu ni kubwa. Kwenye televisheni ilitoa ndoo nzima. Maji yenyewe yalikuwa ya kahawia, yakinuka tope na mafuta ya taa, na mara mojamoja yalileta jani la mgomba au kifungo cha shati.

Watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Chini ya video walionyana kwamba mtu ashike taulo, na asitazamie kitandani. Mwanamke mmoja wa Busia aliandika kwa uchungu kwamba godoro lake limeharibika, akajibiwa na watu arobaini kwamba hana wa kumlaumu.

Jumuiya yao ilijiita Kidirisha. Walikuwa watu wa kawaida wa mashariki mwa Uganda waliorekodi video na kuzirusha mtandaoni: huyu anafundisha kusuka mikeka, yule anaziba pancha, mwingine ni dereva wa lori anayeonyesha wali wa kila mji kutoka Malaba hadi Jinja na kuupa maksi. Walizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakuta wote katikati ya njia, Wagisu, Wasoga, Wateso, Wajapadhola na Wakenya wa barabara kuu. Kila mmoja alikivunja kwa namna yake, na waliochekana walichekana kwa zamu.

Mara moja kwa mwaka walikutana Jinja kumsherehekea mmoja wao. Palikuwa na ukanda wa kuvishwa begani, palikuwa na keki, na palikuwa na kanuni moja tu. Video ya kwanza aliyoileta mwanachama huyo katika Kidirisha ilionyeshwa yote mbele ya wote, jinsi ilivyo. Haikatwi. Mwaka aliosherehekewa mwenyekiti wao Afande Omollo, askari magereza mstaafu anayefundisha ufugaji wa kuku, watu walikaa dakika kumi na moja wakitazama kidole gumba chake kilichoziba kamera, na mwisho walisimama wakapiga makofi. Kanuni ilikuwa kanuni.

Brendah ndiye aliyeandaa video za sherehe. Alikaa Walukuba, pale pale Jinja, na mama yake Margret, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwandani, na alijipatia riziki kwa kuhariri video za harusi. Alikuwa mtu wa kazi safi. Hakuwahi kumkata shangazi wa mtu, hata shangazi aliyecheza vibaya.

Video ya Gorreti ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi na moja. Gorreti ni fundi cherehani wa Nabuyonga, mtaa wa Mbale, na siku ile alikuwa ameweka simu rafuni ili afundishe kukata mkono wa gauni la gomesi, ule wenye ncha inayosimama begani. Kwa dakika nzima ilionekana mikono yake tu, kitambaa cha zambarau na makasi. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na nje ulionekana ua, kibanda chake cha kushonea upande wa kushoto, na upande wa kulia ukuta mrefu wa matofali. Ukuta huo ulikuwa wa ghala la vifaa vya ujenzi. Ulikuwa umejengwa mwaka mmoja kabla, ukakatiza mtaro uliokuwa ukipeleka maji ya mvua mtoni tangu zamani.

Mvua ilianza katika dakika ya pili. Gorreti aliinuka akatoka nje, simu akaiacha ikirekodi. Maji yalikuja na mtaro kutoka kushoto, yakakuta ukuta, yakarudi. Ua ulijaa mbele ya macho ya mtazamaji. Katika dakika ya tatu mume wake, mwalimu Erisa, alitoka kibandani akiwa na cherehani kichwani, maji yakimfika kifuani. Alikuwa amebakiza hatua kama kumi kufika barazani. Maji yaliyorudi kutoka ukutani yalimkuta njiani. Cherehani ilionekana juu ya maji kwa muda mfupi, kisha haikuonekana. Sauti ya Gorreti ilisikika ikiita hadi mwisho wa video.

Gorreti alimzika mumewe siku nne baadaye. Wiki iliyofuata alifungua akaunti Kidirisha na kuileta ile video kama ilivyokuwa, akaandika chini yake: "Hivi ndivyo mkono wa gomesi unavyokatwa, na huu ndio ukuta." Watu laki mbili waliitazama wakamtumia mioyo. Walikuja wageni wenye mafaili, wakasimama kando ya ukuta na miavuli yao, wakaondoka. Gorreti alinunua cherehani nyingine na kuendelea kufundisha. Video zake zilizofuata zilikuwa kavu, na mwaka huu wanachama walimchagua bila kubishana.

Yeye mwenyewe hakuutaka ukanda. Alimpigia Brendah simu kutoka Mbale kumwambia jambo moja.

"Mimi nataka watu waione kwa ukubwa wake," alisema. "Ile skrini kubwa ya ukumbini. Huko kwa simu ukuta unakuwa kidogo kama kiberiti."

"Video ya kwanza haikatwi, dada Gorreti," Brendah alimjibu.

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Afande Omollo alikuwa amekwisha kufikiria habari ya maji. Kwa skrini ya ukumbi alikisia mapipa manane au tisa, akaagiza magunia ya mchanga yapangwe mbele ya jukwaa, na wanachama wakaarifiwa waje na ndala. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka Jumatano jioni, alipopiga simu akiwa na sauti ya mtu anayeongea huku anatazama pembeni.

Skrini, ukumbi na keki vilikuwa vya Bwana Bogere. Kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa mfadhili wa sherehe, na maduka yake ya saruji na mabati yalijulikana Jinja nzima. Ghala la Nabuyonga lilikuwa lake pia. Wana-Kidirisha wengi walilijua hilo na hawakuwa wamelisema, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

"Sikia, dada," Afande Omollo alisema. "Maji ibaki. Mwalimu abaki. Ukuta tu ndio itoke. Maneno iishe."

"Na kanuni, afande?"

"Kanuni ni yetu sisi. Siku moja itafunga macho."

Brendah alimwambia hapana. Alilisema vizuri, na kwa usiku mmoja alijiona mtu.

Alhamisi alasiri Bwana Bogere alikuja mwenyewe Walukuba, kwa miguu, gari ameliacha barabarani. Alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi, na alibeba mkate na kilo mbili za sukari. Alisalimia kwa Lusoga salamu zote ndefu mpaka mwisho, akauliza habari za watu ambao Brendah hakujua kama anawajua. Kisha akaomba aione hiyo video. Brendah alileta beseni. Bwana Bogere alivua viatu, akavua soksi, akazikunja na kuzitia ndani ya viatu, akaweka miguu yake huku na huku ya beseni na kutazama dakika nne na sekunde kumi na moja bila kupepesa. Maji yaliporuka kidogo yakamlowesha kidole, alikipangusa kwa leso.

"Masikini," alisema. "Mwalimu wa watu."

Brendah alisogeza beseni kando.

"Mimi sikatazi mutu kuonyesha video yake. Hapana. Mimi naomba tu. Ukuta ni mali, na mali ikionyeshwa kwa watu inapata maneno." Alianza kuvaa soksi. "Mama yako anapika vizuri. Vibarua wangu wote wanamusifu. Pale geti tunataka kupanua, lakini mimi nikawaambia, ngojeni kwanza, kuna mama wa watu pale."

Margret alikuwa amepika kwenye geti la duka la Bwana Bogere kwa miaka tisa: matoke, maharagwe na samaki wa ziwani kwa wabeba saruji. Mafiga yake yalikuwa yamechimba ardhi ya pale mpaka pamekuwa na mashimo matatu. Hakuwa na mahali pengine, na wenye majiko kwenye mageti mengine walikuwa hawasogei. Jioni hiyo alirudi na sufuria zake, akaona mkate na sukari mezani, akauliza nani amekuja. Brendah alipomwambia, Margret alikaa kwenye kiti bila kuvua kanga ya kichwani. Hakumwomba bintiye lolote. Aliukata mkate, akampa kipande, na yeye mwenyewe hakula.

Ijumaa Brendah aliukata ukuta.

Ilikuwa kazi ya dakika tano. Alisimamisha picha katika sekunde ya kumi, mikono ya Gorreti ikiwa bado inakunja kitambaa, akavuta ukingo wa kulia wa fremu kuelekea ndani hadi tofali la mwisho likatoka nje. Akakuza kilichobaki kijaze nafasi. Ungedhani Gorreti aliweka simu yake imeinama kidogo kushoto, basi. Kila mhariri anajua kwamba kazi hutazamwa mpaka mwisho kabla ya kutolewa, na Brendah, aliyewahi kutazama harusi ya saa sita mara mbili, safari hii hakutazama. Hakuweza kukaa na mwalimu Erisa tena baada ya alichokifanya. Aliitoa, akaihifadhi kwenye flashi, akafunga kompyuta.

Sherehe ilianza Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi pale Walukuba. Walikuja watu kama mia na ishirini. Wanaume walikunja suruali hadi chini ya goti, wanawake walipandisha gomesi na kuzifunga kwa mkanda, na ndala zilipangwa chini ya viti vya plastiki. Magunia ya mchanga yalikuwa mahali pake. Mshereheshaji aliwakumbusha watu kuweka simu na mikoba juu ya mapaja, akataja milango ya dharura, akasoma programu. Keki ya ghorofa tatu ilisimama kwenye meza ndogo upande wa kulia wa skrini, karibu na mfadhili.

Gorreti alikuja na wanawake sita wa Nabuyonga. Alivaa gomesi ya kijani aliyoishona mwenyewe, mabega yakiwa yamesimama barabara. Programu ilimweka mstari wa mbele, kiti cha pili kutoka kwa Bwana Bogere. Waliamkiana. Kabla ya kukaa alimtafuta Brendah kwa macho, akampata kwenye meza ya mitambo nyuma ya ukumbi, akamtikisia kichwa kwa shukrani. Brendah alijifanya anatafuta waya.

Afande Omollo alizima taa. Skrini ikawaka, na mikono ya Gorreti ikatokea, kila kidole kirefu kuliko mtu.

Gorreti aliijua video ile sekunde kwa sekunde. Hakuhitaji kufika dakika ya pili. Aligeuka kwenye kiti chake akatazama nyuma, moja kwa moja kwenye meza ya mitambo. Hakukunja uso. Alitazama tu, muda wa mtu kunywa maji glasi moja, kisha akageukia mbele. Brendah alikuwa ameshika flashi kwa vidole viwili na angeweza kuichomoa. Alifikiria mashimo matatu ya mafiga. Hakuichomoa.

Mvua ilianza, na wote wakainua miguu.

Maji yalikuja na mtaro kutoka kushoto kama siku zote. Siku zote yalikwenda kulia, yakakuta ukuta, yakarudi kuujaza ua, na yale machache yaliyokosa nafasi ndiyo yaliyomwagikia mtazamaji. Sasa yalifika ukingo wa kulia wa picha na hayakukuta kitu. Brendah alielewa papo hapo, na hapakuwa na la kufanya. Alikuwa ameondoa ukuta. Maji yalishika njia yao ya zamani, yakatoka kwenye ukingo wa skrini kwa upana wa mtaro mzima, yakaingia ukumbini.

Magunia ya Afande Omollo yalikuwa mbele ya jukwaa, na maji yalipita ubavuni. Vijana wawili waliinua meza ya keki wakaishikilia. Katika muda wa dakika moja maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye magoti. Ndala zilianza kuelea na kuchanganyika. Watu walishika nguo zao na kuendelea kutazama, kwa sababu kule kwenye picha ua haukujaa.

Erisa alitoka kibandani na cherehani kichwani. Maji yalimfika kwenye kifundo cha mguu. Alitembea kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuteleza tu, akatafuta jiwe, akalikanyaga, akatafuta lingine. Zile hatua kumi alizitembea zote. Alipanda barazani, akaingia mlangoni, akaitua cherehani mezani, juu ya kitambaa cha zambarau. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Hakuna mwana-Kidirisha aliyewahi kusikia sauti yake.

"Gorreti," alisema, "mashine haikulowa."

Dakika nne na sekunde kumi na moja zikaisha, skrini ikawa nyeusi.

Afande Omollo aliwasha taa. Watu mia na ishirini walikuwa wamekaa ndani ya maji ya kahawia wakitazama skrini nyeusi. Aliyesema alikuwa Nyongesa, yule dereva wa lori wa maksi za wali, naye hakupaza sauti.

"Kumbe pasipo huo ukuta, mwalimu angefika."

Wengine walimtazama Bwana Bogere, kisha wakatazama mahali pengine. Afande Omollo alifungua karatasi yake, akaikunja, akaifungua tena.

"Asante, Nyongesa," alisema. "Tuendelee na programu."

Bwana Bogere alisimama kutoa hotuba, maji yakimfika katikati ya mapaja. Alisema Kidirisha ni fahari ya mashariki. Alisema mama Gorreti ni mfano kwa wanawake wote, kwamba msiba ni wa Mungu na maendeleo ni ya sisi sote, na kwamba mwakani skrini itakuwa kubwa zaidi. Alimvisha Gorreti ukanda. Makofi yalikuwa machache, kwani wengi mikono yao ilikuwa imeshika nguo.

Ikafuata keki. Desturi inajulikana: anayesherehekewa hukata kipande cha kwanza, akakitia kwenye sahani, akampelekea mfadhili, na kama ni mwanamke humpa akiwa amepiga magoti. Wanawake sita wa Nabuyonga walimtazama Gorreti waone atafanya nini. Brendah alikuwa amesimama juu ya kiti chake. Aliomba moyoni kwamba asipige magoti, na hapo hapo aliomba apige, na hakujua ni ombi lipi alilimaanisha.

Gorreti alitembea na sahani mpaka mbele ya Bwana Bogere, akapiga magoti. Maji yalimpanda hadi kifuani. Gomesi ya kijani ilielea pande zote. Aliinua sahani kwa mikono miwili juu ya maji, na mfadhili ikambidi ainame ili aifikie. Gorreti hakuiachia.

"Hapa yamefika hapa," alisema, akionyesha kifua kwa kidevu chake. Kisha alitoa mkono mmoja kwenye sahani, akaunyoosha wima juu ya kichwa chake hadi mwisho. "Kwetu yalifika hapa."

Wakabaki hivyo. Keki ilikuwa na waridi la sukari, na waridi lilianza kuteleza. Bwana Bogere alitazama ule mkono, akatazama watu, akatazama saa yake.

"Hongera sana, mama," alisema, akachukua kipande kwa vidole bila sahani, akala. Alisema ni tamu.

Mlinzi wa ukumbi, mzee Waiswa, alifungua mlango wa upande wa chini. Maji yaliteremka mteremko kati ya nyumba za wafanyakazi hadi ziwani, na robo saa baadaye sakafu ilikuwa tope tupu. Tangu ukumbi ule ujengwe, hakuna mtu aliyejenga kitu chochote katikati ya mlango huo na ziwa. Watu walitafuta ndala zao, wakapiga picha na Gorreti, wakala keki iliyobaki. Gorreti aliondoka na ukanda ndani ya mfuko wa plastiki. Alipita mbele ya meza ya mitambo bila kusimama.

Margret aliendelea kupika getini. Jumatatu Bwana Bogere mwenyewe alikuja kula pale, akasifu samaki. Brendah alipoelezwa habari hiyo alisukuma sahani kando, akasema ameshiba.

Wiki mbili alizivumilia. Wiki ya tatu alikwenda Mbale, akapanda bodaboda hadi Nabuyonga na kuuliza kwa fundi cherehani. Alielekezwa aufuate ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi mpya, buluu na nyeupe, na juu yake palichorwa sura ya Gorreti akiwa na ukanda, mabega ya gomesi yakiwa sawa kabisa, kwani mchoraji alikuwa hodari. Maandishi yalisema kwamba Bogere Vifaa vya Ujenzi inampongeza mwana-Kidirisha wa mwaka.

Gorreti alikuwa akishona. Alimkaribisha, akampa kiti na chai. Brendah alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, tangu mji wa Iganga, lakini alilolitoa lilikuwa moja.

"Nilikata kwa ajili ya mama yangu," alisema.

"Nimesikia. Huyo mwenyekiti wenu alinipigia." Gorreti alikata uzi kwa meno. "Bado anapika pale?"

"Bado."

"Basi."

Brendah alilia kidogo, na Gorreti alimwacha alie. Alimaliza pindo, akaukunja mshono, akaifunika mashine. Kisha aliuliza kama ameileta ile video iliyokatwa. Brendah alidhani anataka ifutwe mbele yake, akatoa flashi na kumwambia kwamba kompyutani amekwisha kuifuta, nakala iliyobaki ni hiyo tu. Gorreti akasema kwamba hakutaka ifutwe. Kule ukumbini aliitazama mara moja tu, tena mbele ya watu.

Waliihamishia kwenye simu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Gorreti aliiweka rafuni, mahali pale pale, na hakuleta beseni. Alifungua mlango, akaondoa mkeka na jozi ya viatu vya kiume vilivyokuwa kizingitini, akabonyeza.

Kwa simu ile ndogo maji yalitoka mengi kuliko kikombe, kwa kuwa sasa hayakuwa na cha kuyazuia. Yalishuka rafuni, yakavuka sakafu, yakatoka mlangoni. Gorreti hakuyaangalia. Alikuwa amesimama karibu sana na simu. Erisa alikanyaga jiwe, akakanyaga lingine, akapanda barazani, akaifuta miwani, akasema. Gorreti alimjibu kwa Lugisu, neno moja, kwa sauti ya mtu anayejibu kutoka jikoni.

Nje maji yalivuka ua mpaka kwenye ukuta wa buluu na nyeupe. Yalisimama pale chini ya picha ya Gorreti, yakainuka kidogo, yakageuka. Yalirudi polepole hadi kwenye kizingiti.

Gorreti alichukua beseni nyuma ya mlango, akampa Brendah la pili bila kumwuliza. Waliyachota, wakayabeba kulizunguka ghala lote hadi upande wa barabara, ambako mtaro uliendelea kama kawaida, wakayamwaga. Ulikuwa mwendo wa dakika tatu kwenda na tatu kurudi. Mlinzi wa ghala aliwaamkia kila walipopita. Baada ya beseni la kumi na mbili ua ulibaki na unyevu tu, na giza lilikuwa bado. Gorreti alinyoosha mgongo, akamwambia Brendah apumzike akitaka, mgeni hachoshwi.

Kisha aliingia ndani akaibonyeza tena. Brendah, akiwa uani na beseni mkononi, alisikia sauti ya mwalimu ikisema kwamba mashine haikulowa. Maji yakatoka mlangoni, yakapita miguuni mwake, yakaenda ukutani.